Mnyororo wa Babu Orville

Haskett, Texas
3 Machi 1956

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama na mimi hatujambo.

Babu, ungeuona mji wako! Palipokuwa na matope ya kuzamisha nyumbu sasa pana lami na maktaba. Familia zinahamia kutoka Houston kila wiki. Darasani kwetu wameongezeka wasichana wanne. Ila baraza la mji limetoa amri: nyumba isiyo na msingi wa saruji ifikapo Juni mosi iondolewe. Yetu bado imekalia yale magogo mawili uliyoiburutia kwa lori hadi hapa. Kwa kuwa ni mali yako, naambatisha fomu ya kibali cha kujenga msingi. Tafadhali tia sahihi.

Mjukuu wako,
Verna

Kambini, Texas Magharibi
20 Machi

Verna,

Marahaba. Mgongo unalalamika kuliko mpishi wetu.

Sitii sahihi. Nyumba ile nimeihamisha mara nne, kila kisima cha mafuta kilipokauka, na marehemu bibi yako yumo ndani anachemsha maharage huku tunavutwa. Mafuta ya Haskett yakiisha, hao wa Houston watakuwa wa kwanza kukimbia. Mnyororo wa kuivutia ninao chini ya kitanda. Mwisho wa Mei naja na lori, niwavute mje huku kwenye visima vipya. Mwambie mama yako afunge vyombo.

Babu yako,
Orville

Haskett
1 Aprili

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Natumaini mpishi wenu amepunguza kulalamika.

Mama aliposoma barua yako alisema, "Baba na lori lake! Aje aivute na mimi nimekaa barazani."

Babu, nisamehe, kuna jambo tulikuficha. Mafuta yameshaisha. Kisima namba saba, ulichokichimba mwenyewe, kilifungwa miaka miwili iliyopita. Tuliogopa ungekuja na mnyororo. Lakini hakuna aliyekimbia! Mafuta yalijenga shule, na sasa watu wanahamia kwa ajili ya shule. Bwana Kuykendall, aliyekuwa akikunolea vyuma vya kuchimbia, anauza mashine za kukata nyasi. Nyasi, Babu, Haskett! Na pale kisimani pana bwawa la kuogelea. Nimejifunza kupiga mbizi.

Mwakani inafunguliwa maabara ya kemia. Nataka sana niwemo.

Mjukuu wako,
Verna

Haskett
29 Aprili

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Je, u mzima? Wiki nne hujaandika.

Mtaro wa msingi tumeshauchimba. Fundi anasema bila sahihi yako hamwagi hata ndoo moja. Kila siku namngoja mtu wa posta.

Mjukuu wako,
Verna

Kambini
12 Mei

Verna,

Marahaba, mjukuu wangu. Mzima nipo.

Nilinuna. Si kwa ajili yako, kwa ajili ya kisima changu. Halafu nikamsomea mpishi barua yako. Akacheka hadi akaunguza mkate wa mahindi. "Orville, kisima kimekufa, mjukuu wako anaogelea juu yake, na wewe bado unalalia mnyororo?"

Fomu hiyo hapo, nimetia sahihi. Mnyororo unakuja kwa treni. Ni mzito, mwiteni Kuykendall awasaidie. Uzungusheni wote ndani ya mtaro, kisha mmwage saruji juu yake.

Nami naja Juni, bila lori. Mama yako aniandalie kitanda.

Sijui kuogelea. Utanifundisha.

Babu yako,
Orville