Shikamoo Tatu Ndani ya Video Moja

Jumatano, jioni. Joto la Mapinga limegoma kushuka na mimi nimegoma kutulia. Nimekasirika. Naandika hivi hivi na hasira zangu, maana nikipoa nitaanza kumtetea mtu.

Chuo kinataka video ya somo moja kutoka kwa kila mwalimu aliye kwenye mazoezi. Sharti kubwa: asikike mwanafunzi akieleza jambo kwa maneno yake mwenyewe. Asiposikika, mazoezi yote narudia mwakani.

Nilijiandaa, jamani. Niliwaomba watoto wa darasa la nne waje na kanga za mama zao, tukazitandika juu ya madawati ili sauti isirudi rudi kwenye bati. Simu niliiegemeza kwenye tofali, dirisha likiwa nyuma yake, mwanga uwapige watoto usoni. Kimaikrofoni cha kuazima nikakivika soksi kisinase upepo, nikakiweka dawati la katikati. Hapo anakaa Mwanahawa, ambaye tangu nifike hajawahi kunyoosha mkono.

Nikauliza: theluthi na robo, ipi kubwa?

Mwanahawa akanyoosha mkono.

Akasimama. "Mwalimu, nyumbani tukiwa watatu, mkate..."

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Shabani, mlezi wangu hapa shuleni, kaingia na koti na tai. Koti, kwenye joto hili! Darasa zima likasimama: "Shikamoo mwalimuuu!" Akajibu, "Marahaba, kaeni," akachukua chaki, akapita mbele ya simu taratibu kama bwana harusi, akatoka. Na kipindi hicho hata darasa hana.

Mtoto akaanza upya. Mwalimu akarudi kurudisha chaki. Shikamoo. Mara ya tatu alikuja kuuliza kama simu ina chaji, akaiinamia mpaka tai ikajaa kwenye picha. Shikamoo.

Na mimi? Niliitikia pamoja na watoto. Mtu wa umri wa baba yangu, nitamwambia toka kwa mdomo gani?

Mwanahawa, Mungu ambariki, alimaliza katikati ya vurugu za watu kukaa: "...akija binamu tunakuwa wanne, kipande changu kinapungua. Kwa hiyo theluthi kubwa." Nilitamani kumkumbatia. Kwenye simu anasikika nusu nusu.

Mwalimu Shabani akasikiliza, akatikisa kichwa, akanigeukia mimi. "Mwanangu, rudia. Na hayo ya mkate ayaache, aseme kitaalamu."

Nikakubali. Hilo ndilo linaloniuma kuliko koti lake.

Mwanahawa akasimama, mikono mgongoni, macho juu kwenye bati, akatamka kile alichoambiwa: "Theluthi moja ni kubwa kuliko robo moja." Sauti safi. Picha safi. Mtoto hayumo.

Tulipokuwa tunakunja kanga akanisogelea. "Mwalimu, kwani mara ya kwanza nilikosea?"

Nikamjibu hapana. Hakuniamini, na angeniaminije?

Video ya pili nimeifuta. Naipeleka ya kwanza, na tai yake na shikamoo zake zote, na maneno ya Mwanahawa nitayaandika chini ya picha kama alivyoyasema. Wakinirudisha mwaka, wanirudishe.

Kesho kabla ya lolote nitamwita mbele aueleze tena mkate wake, bila simu, wenzake wamsikie. Na mlango nitautia komeo.