Kale Kabambo Kako

Jumatatu, 4 Machi

Mama kapiga simu. Kuku wamegoma kutaga, tena wananyonyoana manyoya mpaka migongo mitupu. Labda ni chakula, kasema. Nikacheka! Chakula kile nimekipima mwenyewe: protini asilimia kumi na saba. Kila gunia lina kibandiko cha maabara yetu na sahihi yangu. Mama hununua kwa sababu hiyo tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepita kwa Mama. Kuku mia na ishirini, mayai tisa. Anasema gunia likifunguliwa linanukia samaki, ukifika katikati linanukia maranda ya mbao. Nimechota kidogo cha chini.

Alhamisi, 7 Machi

Asilimia tisa. Nimerudia mara mbili. Tisa!

Sijamwambia Mama. Nitaanzia wapi?

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimelipima kwa rula bambo letu la kuchomea magunia kutoa sampuli. Lilivunjika mwaka juzi, fundi akalichonga ncha upya, tukaendelea nalo. Limebaki shubiri moja. Gunia linanifika kiunoni! Miaka miwili nachokoa mabega ya magunia, halafu naandika kuwa nimepima gunia. Sahihi yangu si sahihi.

Na kiwandani kinakotoka chakula hiki wanajua. Mtunza ghala wao kila nikifika: karibu dada, na kale kabambo kako. Mimi nacheka naye, nadhani utani. Kumbe ananipimia! Chakula chema shubiri moja juu, makapi chini. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda kiwandani na kipande cha bomba nilichochongesha, kirefu kama mkuki. Mtunza ghala hakucheka. Akauliza kama nimekuja kuwinda. Nikachagua magunia matano mwenyewe, nikayachoma kutoka pembe hadi pembe. Yeye akatoka nje na simu.

Nilivyorudi Mkuu wa maabara alishajua. Ati bomba langu halimo kwenye orodha ya vifaa, kwa hiyo sampuli si halali. Bambo bovu ndilo halali! Nitumie la kwetu, anasema, nisaini cheti cha shehena mpya, tusigombane na watu.

Jumanne, 12 Machi

Majibu ya bomba langu: tisa, kumi, nane, tisa, tisa. Mkuu hakutaka hata kuyatazama. Cheti kiko mezani, kumi na saba imeshapigwa chapa, bado jina langu tu.

Mama kapiga sasa hivi, kachangamka. Majirani walikuwa wanakisema vibaya kile chakula, kawanyamazisha: aliyekisaini ni mwanangu wa kumzaa. Wote wamekwenda kununua. Nikamwambia nitampigia.

Mkuu ameingia, kaniwekea kalamu yake juu ya cheti, kasimama dirishani kanipa mgongo. Anasikia kalamu inakwaruza, anaitikia kwa kichwa, karidhika. Ndiyo hii ninayoandikia humu daftarini, si kwenye cheti.