Mkono wa Kuazima

Kwako Dada,

Salamu nyingi. U hali gani, na shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tunaamka, na anayeamka tunamhesabu mzima.

Kazi yangu bado ni kubeba matofali ya kujengea vyoo vya kambi. Turubai letu tunalala wanne: mimi na mwanangu, na jirani yangu tunayemwita Mama Kicheko na mwanawe. Mgao ni mahindi makavu bila kuni, basi tunauza nusu ili tupate kuni za kuchemshia nusu.

Uliniuliza watoto wanaishije. Kliniki mtoto hupimwa unene wa mkono kwa utepe wa rangi. Ukisoma nyekundu au njano, mama hupewa pakiti za lishe. Ukisoma kijani, unapewa hongera na pakiti zinakatwa. Wa mwanangu uliposoma kijani nililia njia nzima. Mama Kicheko alinicheka, akasema wenzetu wana maduka, yeye ana mkono wa mwanawe, nikitaka nimwazime. Wengi hapa hufanya hivyo. Mtoto aliyekonda anabebwa na huyu leo, kesho na yule, kila mmoja akimtaja kwa jina la wake, kisha pakiti zinagawanywa. Kwa muuguzi watoto wetu wote ni sura moja. Hatukuona ubaya.

Sasa nikwambie, Dada. Siku yangu foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Nilimbeba mwana wa Mama Kicheko mgongoni, nikadhani amelala. Nilipomfungua mbele ya muuguzi alikuwa ameshapoa. Nikaulizwa jina, na mdomo wangu ukataja lile nililokuja nalo, la mwanangu.

Basi ukisikia kwamba mwanangu amefariki, msikae matanga. Yu hai, ila kwa wakubwa wa kambi ni maiti, hana mgao. Tulimzika mtoto wa watu kwa jina la wangu. Pole nilipewa mimi, na mama mtu amesimama nyuma yangu, macho makavu, maana akilia na mgao wa wake utakatwa. Hajaninyooshea kidole hata mara moja. Siku ya mahindi humshika mwanangu mkono, akamwita kwa jina la marehemu ili wapate kula wote wawili. Mimi nasimama mbali. Mwanzoni mtoto alikuwa akigeuka kunitafuta. Juzi aliitika.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama usimsomee barua hii.

Ni mimi, mdogo wako.