Mawe ya Shimo la Saba

Jumamosi, Kinondoni. Joto halisemeki, feni imelala kwa sababu umeme hakuna, na laptop ina chaji kidogo. Kwa hiyo niseme upesi: nilisema uongo, na uongo wenyewe nimeuchora kwenye ramani.

Kazi yangu ni kuchora mipango ya makazi. Ofisi yetu ya Msasani imepewa kisiwa kizima, chenye magofu ya msikiti wa kale. Wenye mradi wanataka nyumba za kifahari, gati la boti, na uwanja wa gofu katikati. Nilipopewa kazi hii nilifurahi mpaka nikawanunulia majirani soda. Sikatai.

Mwezi uliopita tulikwenda kupima. Nyuma ya magofu, majanini, tukakuta mawe yamesimama mawili mawili, safu baada ya safu, zote zimeelekea upande mmoja. Bosi wangu, Bwana Minja, ni mtu wa Kilimanjaro. Kwao kaburi lina saruji, msalaba na jina, tena liko migombani karibu na nyumba. Aliyatazama, akaniuliza ni nini. Mimi mtoto wa pwani, ninayekwenda kung'oa majani makaburini kila mwaka kabla ya Ramadhani, nikamjibu, "Mawe tu, bosi."

Akaandika mawe. Nami nikachora shimo la saba la gofu papo hapo.

Nimejiuliza kwa nini. Nilikuwa nimeahidiwa kuongoza mradi, na sikutaka kuonekana mtu wa kuleta vikwazo. Ni hilo tu, wala sina sababu nyingine ya kujipamba nayo.

Leo mchana Mama kaja kutoka Temeke na chupa ya marashi na udi kidogo. Magoti yamemshinda, mwaka huu nitakwenda makaburini peke yangu. Alinikabidhi vitu vile, kisha akasita.

"Lakini mawe ya bibi yako utayajua? Maana hayana jina yale."

Nikamwambia nitayajua. Nikaingia chumbani kana kwamba nafuata simu, nikalia.

Aniambie mtu yale ni mawe tu, nitampiga.

Alipoondoka nikafungua ramani. Nimefuta shimo la saba, nimeandika makaburi. Sasa uwanja mzima umevurugika, na huenda na ule uongozi umeondoka nao. Naogopa kweli.

Jumatatu Bwana Minja ataniuliza nimejua lini. Nitamjibu: siku ile ile, nikiwa nimesimama juu yao.