Siku Nilipopiga Vigelegele Ukweni

Mabawe, Ngara

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku tu wazima; mahindi yamekomaa, na mguu wa mjomba wako umepona.

Unauliza kama uifiche timu yako mbele ya wakwe zako siku ya fainali ya kombe la taifa. Mimi niliificha yangu mwezi mzima.

Nilikuja kuolewa hapa kutoka kwa Wasukuma wenzangu wa Biharamulo, na Kihangaza, lugha ya huku, sikukijua. Nyumba nzima walishabikia timu moja. Mimi nilikuwa wa watani wao. Siku ya fainali tuliizunguka redio ya baba mkwe. Dakika za mwisho mtangazaji akapaza sauti, timu yangu imefunga! Nikaruka, nikapiga vigelegele. Wote wakanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Baba mkwe akageuka. "Kumbe una sauti!" akasema. "Mwezi mzima nasikia shikamoo tu."

Wengine wakacheka. Lakini mpira ulipokwisha alizima redio akainamisha kichwa, nikaona mzee ameumia kweli. Furaha yangu ikapungua. Nikampelekea maji, nikapiga magoti.

"Pole, baba."

"Asante, mwanangu. Kesho utanieleza hao watu wako wametufungaje. Leo niache kwanza."

Ndiyo siku ya kwanza aliponiita mwanangu.

Basi shangilia, Neema. Na wakifungwa, wape pole ya kweli.

Ni mimi bibi yako, ninayekukumbuka sana.