Koki si Mjinga

Kaloleni, Nairobi
8 Juni 1978

Mpendwa kaka Kiilu,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Hamjambo huko Mombasa? Joto halijawamaliza? Mama miguu yake ina nafuu kidogo, nami ni mzima. Asiye mzima ni binti yako, ambaye hata hukuuliza hali yake.

Ile barua uliyotaka nimpelekee mwalimu mkuu niliisoma. Eti Koki atolewe shule aje huko kumlea mtoto wenu, kwa kuwa amekuwa wa mwisho mihula mitatu na ni mjinga wa kuzaliwa.

Jumanne zamu yangu ya unesi ilinifikisha shuleni kwao. Kupima masikio, huwa nasimama nyuma ya mtoto, nanong'ona jina la tunda, naye analirudia. Koki nilimnong'oneza ndizi, chungwa, papai. Kimya. Sikio la kulia limejaa usaha, la kushoto linasikia kidogo. Naishi naye nyumba moja, Kiilu, na asipoitika nilikuwa namchapa nikidhani ni kiburi. Hilo nitalijibu mimi kwa Mungu.

Lakini sikia upumbavu wa shule hii. Mwalimu Thuo huwapanga watoto kwa alama: wa kwanza mbele, wa mwisho ukutani kabisa. Koki hasikii, anaanguka mtihani, anasogezwa nyuma, anazidi kutosikia. Sisi manesi tumesema mpaka tumechoka kwamba wengi wa hao wa nyuma ni wagonjwa: masikio, macho, minyoo, njaa. Nilipomwambia Thuo amlete mbele, alinicheka darasa zima likisikia: "Sista, wewe angalia chawa. Mambo ya klasi tuachie sisi."

Nililishika dawati la Koki nikaliburuta mpaka mbele. Akitaka anishtaki. Kliniki ya masikio ni Alhamisi ijayo, na fomu inataka sahihi ya mzazi. Nimetia yangu.

Nisalimie wifi Jecinta, na umbusu mtoto. Mama anawaombea kila jioni, Mungu awape afya njema nyote.

Barua yako nimeichana. Ukitaka kuandika nyingine, ilete mwenyewe umsomee Koki. Keti kushoto kwake na uinue sauti, ajue baba yake anamwitaje.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado kwa shida,

Nthoki