Msimlishe Baba

Debre Markos,
Tarehe 9, mwezi wa Tahsas.

Mpendwa Shangazi Tiruwerk,

Shikamoo. Hamjambo nyote huko Jimma? Lile goti lako limetulia, au baridi ya mwezi huu imeliamsha tena? Sisi tu wazima, isipokuwa Baba, na habari zake ndizo zilizonikalisha niandike. Nakuomba uzisome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Nimechoka, Shangazi. Sikuchoka na Baba. Nimechoka na watu wanaompenda.

Unajua tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia umelala mapajani, umejikunja. Wubshet, yule kijana wa mazoezi ya viungo anayetumwa na hospitali, ameniambia mkono wenyewe haujafa. Misuli ni mizima. Kilichoharibika ni pale kichwani amri zinapotoka. Ukitaka kuinua kikombe, ubongo unatoa amri, inashuka uti wa mgongo, inafuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye msuli, nao msuli unajikaza na kuvuta mfupa. Na msuli wa mbele ukivuta, wa nyuma sharti ulegee. Kwa Baba amri zinafika zimevurugika, basi wa mbele unavuta saa zote na wa nyuma umegoma.

Dawa yake ni kazi. Ubongo unaweza kufundisha sehemu nyingine itoe amri hizo, lakini mpaka mkono uombwe kazi kila siku, hasa miezi hii ya mwanzo. Na kazi nzuri kuliko zote ni kula: kumega mkate wa injera, kuchovya, kupeleka mdomoni. Tukizubaa, Baba hatafuma nguo tena maisha yake yote.

Sasa niambie, katika nyumba zetu hizi, nani atamwacha mgonjwa amege mwenyewe? Kila anayekuja kumjulia hali ananawa, anakunja tonge nono, anamtia mdomoni. Kukataa tonge la mtu ni kumtukana, kwa hiyo Baba anafungua kinywa tu. Anashiba na mkono haujanyanyuka. Nilimpa kijiko, akakitazama kama nimempa takataka.

Na wewe, nisamehe, ndiye kinara wao. Ulipokuja sikukuu ya Meskel ulimlisha asubuhi na jioni, na ulipoondoka ukawaachia majirani agizo: "Ndugu yangu asijisumbue, mikono yenu ipo!" Wubshet alipokuja akaukuta mkono umekaza kuliko mwanzo, aliyekaripiwa ni mimi.

Jumapili iliyopita Baba alikuwa amefika mbali. Alimega kipande cha injera kikamponyoka, akamega kingine, akakichovya kwenye mchuzi wa shiro, akaanza kukipandisha polepole huku jasho likimtoka. Nilijiuma midomo nisije nikamsaidia. Kilikuwa kimefika kifuani alipoingia Bi Askale wa nyumba ya pili.

"Uuu! Enatnesh, mbona unamtesa mzee wa watu?" Akanawa haraka haraka, akakunja tonge lake. "Ayalneh, fungua kinywa. Nife mimi usipokula!"

"Bi Askale, tafadhali, mwache," nikamwambia.

"Nyamaza wewe, huna hata huruma! Nife mimi, Ayalneh!"

Baba akamsukuma. Tonge likaruka, shiro ikamwagikia shuka jeupe la kanisani alilojitanda yule mama. Bi Askale akaangua kilio. "Amenikatalia tonge! Mimi niliyemwosha mkewe siku ya kufa!" Akatoka bila kunywa kahawa, na tangu hapo hatusalimii. Nimekwenda kumwomba radhi, akanifungia mlango. Mtaa mzima sasa unasema ugonjwa umemla Baba adabu, na wageni wamepungua. Hilo linamuumiza, namwona anavyoutazama mlango, na mimi nashindwa nimlilie nani.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza alimsukuma kwa mkono gani. Kwa wa kulia, Shangazi! Kiwiko kilinyooka chote, vidole vikafunguka. Ule msuli wa nyuma uliogoma ulisikia amri. Bi Askale analia mlangoni, mimi nacheka na machozi yananitoka, na Baba anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Kwa hiyo njoo sikukuu ya Genna kama ulivyoahidi. Nisalimie Baba Mulat, na Mulat mwenyewe, na Bizuayehu na mtoto wake mchanga. Mungu awafikishe siku ya kuzaliwa Bwana mkiwa na afya, na lile goti likupandishe basi bila maumivu.

Ukifika, kaa karibu na ndugu yako na ujitahidi kuizuia mikono yako. Najua utashindwa, utamkunjia tonge. Basi namwomba Mungu, ndugu yako akusukume kwa nguvu kuliko alivyomsukuma Bi Askale.

Ni mimi nikupendaye, hata ninapokukosea adabu,

Enatnesh Ayalneh